Mstari mweupe chini ya mashine ya vyombo

Wiki tatu nzima siku yangu ilianza kwa kupiga magoti na kitambaa cha sakafu. Nashuka jikoni baada ya Alfajiri kuinjika maji ya chai, nakuta kidimbwi mbele ya mashine ya kuoshea vyombo, pembe ya kushoto, kiasi cha kikombe kimoja. Napangusa. Kesho yake kipo tena.

Nyumba yetu iko Shela ya Malindi, hatua chache kutoka ufuoni. Tuna vyumba vitatu vya wageni, na wageni wakijaa, vyombo vya asubuhi na vya usiku havihesabiki. Mashine tuliinunua kwa familia ya Waitaliano waliokuwa wakiuza vitu vya nyumba yao upande wa Casuarina ili warudi kwao. Vibonye vimeandikwa Kitaliano na plagi yake ilitubidi tuibadilishe tufunge ya pini tatu, lakini chuma chake ni kizuri na sikutaka kuipoteza.

Mamangu ameosha vyombo vya nyumba hii tangu sijazaliwa, kwa kumbi la nazi na jivu, na sasa asubuhi vidole vyake havikunjiki mpaka avikande kwa maji moto. Hilo la kwanza. La pili ni maji. Siku mifereji ikikauka twanunua madumu ya lita 20 kwa mkokoteni, na mashine hii huosha sahani na bilauri za watu kumi kwa lita zipatazo 12. Sinki letu likifunguliwa bomba, lita 12 huisha kabla hujafika kwenye vikombe. Kwa hiyo ilipoanza kuvuja niliumia kweli. (Sufuria za alumini sizitii, sabuni ya mashine huzifanya nyeusi. Mwiko na mbuzi ya nazi pia vyaoshwa kwa mkono kama zamani.)

Nilianza na mpira wa mlango, kwa sababu ndio unaoonekana. Mpira huu huzunguka juu na ubavuni, na chini kabisa ya mlango kuna ukanda mwingine peke yake ambao watu wengi hawaujui. Hapo chini nilitoa mbegu za ndimu, kipande cha mwiba wa samaki na utelezi mweusi. Nikausugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni. Nikatoa na mkono wa chini unaorusha maji, nikaujaza maji kwenye sinki nikautazama kwenye mwanga. Ukipasuka kwenye mshono, maji huruka moja kwa moja mlangoni na hakuna mpira utakaoyazuia. Wetu ulikuwa mzima, ila matundu manne yalizibwa na chokaa. Nikayazibua kwa kijiti cha meno.

Kidimbwi kikapungua, hakikuisha.

Jawabu la nusu iliyobaki nililipata kwa kuuliza. Binti anayenisaidia aliniambia kwa unyofu kwamba vidonge vya mashine viliisha, akawa anatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja tu. Kijiko kimoja kinatosha. Sabuni ile imetengenezwa itoe povu, na ndani ya mashine maji yanapigwa kwa nguvu saa nzima. Povu hupanda, hutafuta upenyo chini ya mlango, likitoka nje hugeuka maji. Sikumlaumu, mimi ndiye sikumweleza. Nilichota povu kwa bakuli, nikamimina kikombe cha siki, nikaiendesha suuza fupi mara mbili bila sabuni. Kesho yake sakafu kavu. Roho ikatulia.

Ikatulia siku sita. Siku ya saba mashine ilianza vizuri, kisha katikati ya kazi ikasimama, na pampu yake ikawa yavuma mfululizo bila kunyamaza, hata nilipoizima na kuiwasha tena. Fundi akaja, akaisikiliza amesimama, akasema pampu ya kutoa maji imekufa na bodi ya umeme nayo huenda imekufa, elfu kumi na nne. Hakufungua hata skrubu moja. Nikamwambia nitamjulisha.

Usiku ule mwanangu alikipiga picha kile kijitabu cha Kitaliano, simu ikatutafsiria. Kumbe chini ya mashine kuna trei, na ndani ya trei kuna boya dogo jeupe, jepesi kama maboya ya nyavu. Maji yakiingia kwenye trei, boya hupanda na kubonyeza swichi. Swichi hiyo hufunga maji yanayoingia na kuiamuru pampu itoe yaliyomo. Pampu ilikuwa nzima, tena yafanya kazi yake. Mashine ilikuwa yaniambia kwamba ndani yake mwavuja mahali nisipopaona.

Nikachomoa plagi, nikafunga bomba la maji, nikavaa glavu kwa sababu kingo za bati la chini hukata kama wembe. Ubao wa mbele chini umeshikwa na skrubu mbili. Nilipoutoa na kumulika tochi, trei ilikuwa na maji ya kina cha kidole. Nikayafyonza yote kwa sponji, nikakausha kwa kitambaa, nikatandika vipande vya gazeti kila pembe.

Kuanzia hapa sikuwa na haraka. Kwanza nilifungua bomba tu, mashine imezimwa, nikaiacha usiku kucha. Kama mpira unaoleta maji au kiungo chake ungekuwa na kasoro, gazeti lingelowa, kwa sababu sehemu ile hubeba nguvu ya maji muda wote. Asubuhi gazeti kavu. Kisha nikaiwasha, nikakaa sakafuni na tochi, mikono yangu mbali. Ilipojaza maji: kavu. Pampu ya kuzungusha maji ilipoanza kurusha, nikahesabu dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dakika ya nne tone likaanguka. Basi nikajua ni upande wa pampu ya kuzungusha, maana tone lilikuja kabla pampu ya kutoa maji haijagusa kitu.

Nikaizima, nikachomoa, nikachota maji yote ya ndani, tukailaza kwa mgongo juu ya godoro kuukuu. Na hapo ndipo maji yetu ya Malindi, haya ninayoyalalamikia kila siku, yaliponisaidia. Maji ya kisima chetu yametoka kwenye mwamba wa matumbawe, ni magumu, birika halimalizi mwezi bila kuota magamba. Mahali yanapovuja na kukauka huacha alama. Juu ya plastiki nyeusi ya pampu palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uliochorwa kwa chaki, unashuka, unapinda kwenye ubavu wa plastiki, unaishia kwenye ncha ambayo tone hudondokea. Nikaukwaruza kwa ukucha, ukatoka unga. Nikaukamulia ndimu, ukafanya vijipovu vidogo vidogo na kuyeyuka. Chokaa. Ingekuwa chumvi tu isingechemka.

Nikaufuata mstari kwa kidole kutoka chini kwenda juu. Ulinipeleka vidole vitano mbali na pale tone lilipokuwa likianguka, mpaka kwenye mpira uliopinda kama kiwiko, unaounganisha shimo la chini ya mashine, maji yanapokusanyika, na pampu. Klipu ya chuma iliyoubana ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imebaki kama karatasi. Nilipoigusa kwa bisibisi ikakatika. Upepo wa kusi unapovuma hapa petu huleta chumvi ya bahari hadi ndani ya kabati. Bawaba za madirisha yetu zinajua, na klipu ile nayo ilikuwa imeivumilia miaka.

Mpira wenyewe niliukunja huku na huku kutafuta ufa. Hakuna. Nikausafisha mdomo wake kwa siki na mswaki, kwa kuwa chokaa ikibaki pale hata klipu mpya haitashika. Gundi sikutia. Gundi mahali pa maji moto na mtikisiko haidumu, na siku ya kufungua tena huurarua mpira.

Klipu nilikwenda kuinunua kwenye duka la vifaa vya mashua. Nilikuwa na kipande cha sumaku mfukoni, na nawashauri wote wanaokaa pwani wafanye hivyo. Klipu nyingi ukanda wake ni chuma kisichoshika kutu, lakini ile skrubu yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa, nayo ndiyo inayokatika kwanza. Gusisha sumaku kwenye ukanda, kisha kwenye skrubu. Ya shilingi 100 skrubu yake iliruka kuishika sumaku. Ya shilingi 350 haikushika popote. Nikachukua mbili, moja ya kiungo cha pili ambacho nacho kilianza kuwa chekundu. Kuikaza nako kuna kipimo: nilikaza mpaka mpira ukatuna kidogo pembeni mwa ukanda, nikaacha. Ukizidisha unaukata mpira.

Kwa kuwa tumeshaifungua, nikainua na kifuniko cha tangi la chumvi lililo sakafuni mwa mashine, ambalo tangu tuinunue hatukulitia kitu. Chumvi ile haiendi kwenye sahani. Hukisafisha kichujio kinachoyalainisha maji, na kwa maji kama yetu ni lazima. Jirani alinishauri nitie chumvi ya mawe ya Gongoni, iko karibu na ni rahisi, lakini chumvi ya bahari isiyosafishwa ina madini mengine yale yale tunayoyakimbia, na ya mezani ina aidini na unga wa kuizuia kugandamana. Nikanunua ile maalumu ya chembe kubwa, na nilipomaliza kujaza nikaiendesha mashine papo hapo, kwa sababu chumvi iliyomwagika ikilala ndani hula chuma. Kila mwezi sasa nitaiosha tupu kwa asidi ya limau, peke yake. Dawa ya klorini usiichanganye na siki wala asidi yoyote, hutoa hewa inayochoma kifua.

Gazeti nililolitandika kwenye trei nimeliacha makusudi. Leo ni siku ya 19. Asubuhi nimetoa ubao, nimemulika: limekunjika pembeni kwa joto, lakini herufi zake bado zasomeka, na mkono nilioupitisha juu yake umerudi mkavu. Mamangu alikuwa amesimama nyuma yangu na bilauri mkononi, akaniuliza kama aweza kuitia sasa au angoje.