Kumbukumbu ya mradi wangu: kurekodi video za majaribio ya mfumo wa mzani wa zabibu

Juni 7

Mfumo wenyewe ni mdogo. Kikundi cha wakulima wa zabibu cha Mpunguzi, ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa, kinapima mizigo ya wanachama. Karani anaingiza jina, idadi ya kreti na kilo, mfumo unatoa stakabadhi na jumla ya siku. Shangazi yangu ndiye katibu wao, na ndiye aliyeniomba niwatengenezee baada ya madaftari kulowa mvua. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wao wanajiandaa kwa mavuno ya Agosti. Nataka ifike Agosti nikiwa na uhakika kwamba hakuna mkulima atakayepoteza kilo hata moja kwa sababu ya msimbo wangu.

Nimeshaandika majaribio 38 ya kuukagua mfumo huo, kwa lugha ya programu ya Python na Selenium, zana ya kuendesha kivinjari. Yanafungua kivinjari, yanajaza fomu na kubonyeza vitufe kama karani anavyofanya. Yanaanza kila siku saa saba usiku, kwa kuwa mchana laptopu ninaitumia kwenye kazi nyingine.

Matatu kati ya hayo yanaanguka usiku, nami nikiyarudia asubuhi yanapita. Logi, yaani kumbukumbu ya matokeo, inaniambia kitu kimoja tu: ulitarajiwa mstari 1, imepatikana 0. Nimeusoma ujumbe huo hadi nimeukariri. Sasa nataka kuona kwa macho skrini ilivyokuwa muda ule nikiwa nimelala.

Juni 8

Selenium haina kinasa video chake yenyewe. Playwright ya Microsoft, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, inacho: unaandika mpangilio mmoja, na inakuhifadhia video za majaribio yaliyoanguka tu. Nilishawishika kuhamia huko leo leo, lakini kuandika upya majaribio 38 huku Agosti inakaribia si busara. Nimechagua njia ya zamani, Xvfb pamoja na FFmpeg, programu ya kurekodi na kubadilisha video.

Xvfb inatengeneza skrini ya kufikirika, inayoishi ndani ya RAM bila kioo chochote. Kivinjari kinafunguka humo, na FFmpeg inachungulia kwa njia yake iitwayo x11grab na kurekodi kinachochorwa. Nimeipa skrini ukubwa wa 1280x720 na fremu 15 kwa sekunde. Kwa fomu na majedwali zinatosha kabisa.

Video ya kwanza ilikuwa nyeusi mwanzo hadi mwisho. Sababu ilikuwa alama ya `--headless`, yaani kuendesha kivinjari bila dirisha, niliyoiacha kwenye Chrome. Kivinjari kikiwa katika hali hiyo hakichori chochote kwenye skrini ya Xvfb, kwa hiyo FFmpeg ilirekodi ukuta mtupu kwa uaminifu wote. Nimeiondoa alama, picha imetokea.

Juni 10

Siku mbili zimeishia kwenye jambo moja, na naliandika kwa kirefu ili atakayepita njia hii asizipoteze zake.

Faili za MP4 zilikuwepo, zina megabaiti zake, lakini hazifunguki. FFmpeg yenyewe nikiiuliza inajibu `moov atom not found`. Maelezo ni haya: MP4 inahitaji faharasa, sehemu inayosema fremu ipi iko wapi ndani ya faili. Kwa kawaida FFmpeg huiandika faharasa hiyo mwishoni kabisa, ikishajua kila kitu. Mimi jaribio likiisha nilikuwa naiua FFmpeg kwa `kill()`, ambayo haimpi mtu nafasi ya kuaga. Ni sawa na karani apime mizigo kutwa nzima bila kuandika jina la mtu, akitegemea ataandika jioni, halafu avutwe kutoka kitini saa kumi na moja. Kilo zote zipo, lakini za nani?

Dawa yake ni kuipelekea FFmpeg herufi `q` kupitia mlango wake wa kuingizia, kisha kuisubiri imalize yenyewe. Sekunde moja au mbili, basi.

Kisha usiku huohuo umeme ukakatika. Betri ya laptopu hii imechoka, ikazima palepale, na video iliyokuwa inarekodiwa ikaharibika vilevile. Hapo `q` haisaidii, kwa kuwa hakuna wa kuituma. Nimehamia MKV, aina nyingine ya faili ya video. Faili ya MKV ikikatwa katikati bado inacheza hadi pale ilipokatwa. Nikihitaji MP4 ya kumtumia mtu kwa WhatsApp, naibadilisha kwa `-c copy`, nayo inachukua muda wa kupepesa macho kwa sababu picha hazisindikwi upya.

Juni 14

Video zinaonekana, lakini ukizitazama huelewi nani anabonyeza nini. Selenium haisogezi kishale cha panya cha kwenye skrini. Inapeleka mbonyezo moja kwa moja ndani ya kivinjari. Fomu inajijaza, ukurasa unabadilika, na kishale kimeganda katikati ya skrini. Nimekiondoa kwa `-draw_mouse 0`. Badala yake nimeandika JavaScript fupi inayochora duara jekundu juu ya kitufe kabla ya kubonyezwa, kisha inasubiri kidogo, chini ya nusu sekunde.

Duara hilo nalitumia kwenye video za kuwaonyesha watu tu. Kusubiri kunabadilisha mwendo wa jaribio, na kuna makosa yanayojificha ukiwa mpole. Majaribio ya usiku yanakimbia kwa kasi yake yote, bila duara.

Jingine dogo: nilijaribu skrini ya upana wa 1365, FFmpeg ikakataa. Rangi za aina ya yuv420p, ambazo simu nyingi zinazihitaji, zinataka upana na urefu unaogawanyika kwa mbili. Nimebaki na 1280.

Jaribio likipita, video yake inafutwa. Likianguka, inabaki na jina la jaribio na saa.

Juni 17

Asubuhi nimekuta video tatu. Nje upepo wa Juni unapiga mabati na vumbi linaingia chini ya mlango, mimi nimejifunika blanketi natazama ya kwanza kwa mwendo wa robo.

Fomu inafunguka. Jina linaingia, kreti 12, kilo 268. Hifadhi. Ujumbe wa kijani unatokea: umehifadhiwa. Ukurasa wa "Mizigo ya leo" unafunguka, mtupu. Nikairudisha nyuma nikaisimamisha kwenye fomu. Kisanduku cha tarehe, kile kinachojijaza chenyewe, kimeandikwa 16. Juu ya ukurasa wa mizigo ya leo pameandikwa 17.

Nilisimama. Mzigo haukupotea, ulikuwa umehifadhiwa kwenye jana.

Fomu inajaza tarehe kwa `toISOString()`, amri ya JavaScript ambayo hutoa tarehe ya UTC, saa ya kimataifa. Ukurasa wa orodha unatumia tarehe ya hapa kwetu. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, kwa UTC bado ni jana. Majaribio yangu yanaanza saa saba, katikati ya hayo masaa matatu. Asubuhi tarehe zimeshalingana, kila kitu kinapita. Logi ilisema kweli, mstari haukuwepo. Ila tarehe mbili zinazopingana haikuzitaja popote, kwa sababu sikuwahi kuiambia izitaje.

Na si kosa la kinadharia. Nimeshaona lori likipakiwa Mpunguzi usiku wa manane ili zabibu zifike Dar zingali na baridi. Mzigo wa saa saba usiku ungeingia kwenye hesabu ya siku iliyokwisha kufungwa.

Juni 21

Nimerekebisha fomu itumie tarehe ya hapa. Lakini nilitaka kuliona kosa mchana, kabla na baada, bila kukesha. Selenium inaweza kuiambia Chrome ijifanye iko ukanda mwingine wa saa kwa amri ya `Emulation.setTimezoneOverride`. Nimeipeleka Kiritimati, kisiwa cha Kiribati kilicho saa 14 mbele ya UTC. Hapa ikiwa saa nane mchana, kule ni saa saba usiku wa kesho. Msimbo wa zamani ukaanguka vilevile, mpya ukapita. Jaribio hilo nimeliacha humo kwa kudumu.

Juni 22

Nimekwenda Mpunguzi na video sita kwenye simu, zile zenye duara jekundu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione hiyo kompyuta inayojibonyeza."

Alizitazama zote, ameshika simu mbali kidogo na macho. Ya tarehe ilimfurahisha. Alinieleza usiku gani lori lilichelewa na nani aligombana na nani kuhusu jumla. Kisha akairudia ya upimaji, akaisimamisha kwa kidole.

"Hapa. Kreti kumi na mbili, kilo mia mbili sitini na nane. Hizo ni pamoja na kreti?"

Nikamwambia ndiyo, ndivyo mzani unavyosoma.

"Sasa kreti tupu mmezitoa wapi? Hizi zetu za plastiki kila moja ina kilo mbili. Mwanangu, hapo umeshamlipa mtu kilo ishirini na nne za plastiki."

Majaribio yote 39, pamoja na lile la jana, yalikuwa yanapita na kosa hilo likiwa ndani. Hata jaribio lenyewe nililiandika nikiamini kilo za mzani ndizo kilo za zabibu. Shangazi hasomi Python, lakini mzani anaujua kuliko mimi, na ile ilikuwa mara ya kwanza kwake kuweza kusoma nilichoandika.

Tumekubaliana kila Jumapili nimpelekee video za wiki. Jioni hii nimeongeza kisanduku cha uzito wa kreti tupu na kuandika jaribio la 40: kreti 12, kilo 268 kwenye mzani, stakabadhi isome 244. Limepita mara ya tatu. Video yake iko njiani kwenda Mpunguzi, bado ina alama moja ya kijivu ya WhatsApp.