Vihisi vya R-290: mchawi wangu alikuwa silikoni

Leo saa tano usiku nimepata volti 2.9, 2.8 na 2.9. Ni vihisi vyangu vitatu vya kunusa R-290, yaani propani, gesi ya kupoozea friza (volti zikipanda, gesi ni nyingi): ndoo ile ile ya kupimia, kipimo kile kile cha gesi, baada ya wiki tatu za kukaa kazini. Nimezihangaikia namba hizi tangu masika yaanze, kwa hiyo naandika kabla sijalala.

Mradi bado ni ule ule, king'ora cha kuonya gesi ikivuja: friza tatu za samaki kwenye stoo moja hapa Bagamoyo, kila moja ina gramu 150 za R-290. Vihisi ni MQ-6 za bei nafuu, zimefungwa ndani ya chumba cha kompresa, juu kidogo ya sakafu. Relei ya king'ora, yaani swichi yake ya umeme, nimeitoa nje ya stoo ili cheche yake isikutane na gesi. Stoo ina mita za ujazo 18 hivi na dirisha moja. Gramu 150 za propani zikitoka zote ni kama lita 80 za gesi. Zikisambaa sawasawa kwenye hewa yote unapata chini kidogo ya asilimia 0.5, wakati propani inaanza kuweza kuwaka kwenye asilimia 2.1. Kwenye karatasi inaonekana salama. Lakini haisambai sawasawa. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inatulia chini, na chini ndiko ziliko kompresa.

Mara ya mwisho nilipoandika nilitamba kwamba tatizo la king'ora kulia ovyo limekwisha. Kilikuwa kinalia kila magharibi, mpaka tukagundua ndio muda mama mwenye duka anapuliza dawa ya mbu, na makopo mengi ya dawa hizo husukumwa na propani na butani. Kihisi kilikuwa sahihi kabisa. Akaacha kupuliza stoo, tukapumua. Likabaki suala la unyevu: mvua zilipokolea, usomaji wa hewa safi ulipanda kutoka volti 0.6 hadi karibu 0.9. Nikaandika programu ya kujirekebisha, ambayo kila saa inajifunza upya hewa safi ikoje na kuihesabu kuwa sifuri. Kelele zikakoma. Mama akaniambia, "Mwanangu, kidude chako sasa kimeshika adabu." Nilirudi nyumbani nimefurahi kweli.

Kisha akanipigia simu alfajiri moja. Friza ya katikati inanguruma usiku kucha haizimi, barafu imeshika nusu ya ukuta tu, samaki wa juu wamelegea. Hakuna fundi asiyejua maana yake: gesi imepungua. Nikafungua nyuma, nikapaka povu la sabuni, na kwenye mrija wa kujazia gesi, pale ulipobanwa na kuchomelewa, kiputo kama kichwa cha pini kikachomoza, kikapasuka, kikachomoza tena. Kihisi kilikuwa shubiri moja kutoka pale. King'ora kimya.

Wa kwanza kushukiwa ilikuwa programu yangu, na ilistahili. Gesi inayovuja taratibu kwa siku nyingi inapandisha usomaji kidogo kidogo, sawa na unyevu unavyofanya, na programu ikaijifunza kama hewa ya kawaida. Nimeifuta na siirudishi. Lakini haikuwa yenyewe tu. Nilichomeka maltimita moja kwa moja kwenye kihisi: volti 0.6. Nikakishika mkononi nikakisogeza mpaka karibu kiguse kiputo: 0.9. Nikatoa kipya mkobani, hata hakijamaliza saa 48 za kupashwa moto ambazo kihisi kipya huhitaji, nikakiweka hapo hapo. Kikapita 3.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la miezi. Siku zote nilikuwa naangalia sifuri. Sifuri imetulia, basi kihisi kizima. Kumbe kihisi kilichokufa nacho sifuri yake imetulia, tena vizuri kuliko ya kihisi kizima.

Nikatengeneza ndoo ya kupimia, na hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoipenda kuliko zote. Ndoo ya rangi iliyoandikwa lita 20 niliijaza maji mpaka kwenye mfuniko nikaipima kwa mzani wa dukani: ilibeba kilo 21.4 za maji, yaani lita 21.4. Asilimia 10 ya kikomo cha chini cha kuwaka (ile asilimia 2.1) ni ppm 2,100, yaani sehemu 2,100 kwa milioni, hivyo nahitaji mililita 45 za R-290. Gesi naitia kwenye puto nje, uwanjani, mbali na moto na sigara, kisha naivuta kwa bomba la sindano la mililita 60. Ndani ya ndoo kuna kifeni cha kompyuta cha kuchanganya hewa. Chomeka, subiri dakika tatu, soma. Kipya kilitoa 2.9. Cha friza ya katikati 1.1. Cha kushoto 1.3. Cha kulia 2.8.

Kwa nini cha kulia kizima? Vyote nilinunua siku moja, nikafunga siku moja. Nikapima umeme mwishoni mwa waya, maana nilitumia waya wa simu wa mita 12 na hita ya MQ-6, kipasha moto kilicho ndani yake, inakula kama miliampia 150; nikakuta volti 4.7 badala ya 5. Ni kosa, nimebadilisha waya, lakini lilikuwa sawa kwa vyote vitatu. Nikasafisha vumbi na chumvi. Hakuna tofauti. Siku mbili nikawa naangalia picha za siku ya ufungaji kwenye simu, mpaka nikaona tundu la kupitishia waya. Kwenye friza ya kulia nimeliziba kwa mkanda mweusi wa umeme, kwa sababu tyubu ya silikoni, gundi ya kuzibia niliyotumia kwenye zile mbili nyingine, iliniishia kwenye ile ya pili.

Silikoni ile ikikauka inatoa mvuke. Mvuke ukigusa uso wa moto wa kihisi, ule wa oksidi ya bati, unaacha tabaka la silika kama kioo, na gesi haifiki tena. Maelekezo ya mtengenezaji yanaonya wazi, nami sikuyasoma hadi mwisho. Ili nisibahatishe, nilichukua vipya viwili, nikavipasha moto siku mbili, kimoja nikakiweka kwenye chupa ya kahawa yenye tone la silikoni mbichi, kingine kwenye chupa tupu. Siku tatu. Ndoo ikasema 1.4 na 2.9.

Sasa vilivyokufa nimevibadilisha, waya zote zinapita kwenye glandi ya plastiki (kibano cha kuziba tundu bila gundi), na kihisi kina plagi, nakichomoa na kukipeleka kwenye ndoo. Naomba pia tuache kujaribu vihisi kwa kiberiti cha gesi. Kinamwaga butani kwa wingi usiojulikana, kihisi kinazama, king'ora kinalia, unaondoka umeridhika. Hata kile changu cha 1.1 kilililia kiberiti! Kwa kutafuta tundu lenyewe, povu la sabuni bado silibadilishi na mashine yoyote niliyowahi kushika.

Nilipanga wiki hii nichore jedwali la unyevu na joto ili nisahihishe usomaji kwa hesabu. Nimeliweka kando. Simu ile ya alfajiri haitoki kichwani: mama alijua gesi imepungua kwa kusikiliza mngurumo tu. Friza zote tatu zinafanana na ziko chumba kimoja, kwa hiyo moja ikianza kufanya kazi saa nyingi kuliko wenzake, huyo ni shahidi wa pili asiyejua silikoni wala dawa ya mbu. Nimeagiza vipima ampia vitatu vya kubana kwenye waya wa kompresa. Cha kwanza nakifunga Jumamosi, kwenye friza ya katikati.