Kutoka Sunbury hadi Donington: kipindi cha madereva kuhama

Treni ya Shepperton inatoka kituo cha Waterloo, London, na kusimama Sunbury, mji mtulivu kando ya Mto Thames, jirani kabisa na uwanja wa mbio za farasi wa Kempton Park. Ni hapa timu ya mbio za magari ya West Surrey Racing, WSR kwa wanaoifuatilia, wanapoandaa BMW zao. Dereva Colin Turkington alichukua nazo ubingwa wa 2009, 2014, 2018 na 2019, na Jake Hill akaongeza wa 2024. Niliianza hapa ziara yangu majira ya baridi, miezi ambayo British Touring Car Championship, BTCC, mashindano ya Uingereza ya magari yenye umbo la magari ya kawaida, haina mbio bali ina habari tu: fulani kahama, fulani kaachwa, timu fulani imebadili jina.

Majina hayo ya timu huwachanganya wengi. Gari la ubingwa la Hill lilikuwa na nembo za mdhamini Laser Tools na jina la MB Motorsport, ila waliolihudumia ni WSR. Mdhamini huyohuyo ndiye aliyekuwa kwenye Infiniti Q50 ya Ash Sutton alipotwaa ubingwa wa 2020 na 2021. Kwa hiyo, tangazo likitoka, mimi hufuata kwanza njia ya pesa. Dan Rowbottom alikuwa na mdhamini Cataclean kwenye Honda za Team Dynamics. Timu hiyo ilipojiondoa kabla ya msimu wa 2023, yeye akaenda kuendesha Ford za NAPA Racing UK. Kisha kuna leseni: kila gari linahitaji leseni ya TOCA, waandaaji wa BTCC, iitwayo TBL, na idadi ya leseni hizo ina kikomo. Anayeishika bila kuwa na karakana anaweza kukodi gari na mafundi wa timu nyingine, ndiyo maana "timu mpya" mara nyingi ni mafundi walewale ndani ya mashati ya rangi nyingine.

Kutoka Sunbury unaingia barabara ya M25, unazunguka London kwa kusini hadi Kent. Foleni ya M25 haihitaji maelezo. Wrotham, makao ya timu tuliyoizoea kwa jina la Motorbase na ambayo siku hizi ni Alliance Racing, iliyoandaa Ford hizo za NAPA, ipo mwendo mfupi tu kutoka uwanja wa mbio wa Brands Hatch. Pale Brands nilipita langoni tu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio na hapakuwa na gari linalozunguka. Lakini Wrotham ni mahali pazuri pa kuzungumzia uhamisho uliofundisha mengi kuliko wowote wa miaka ya karibuni.

Sutton alifika hapa kwa msimu wa 2022. Tangu 2017 alikuwa ameendesha magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwanza Subaru Levorg, halafu Infiniti. Ford Focus inavutwa na ya mbele. Hakuwa mgeni kabisa, maana msimu wake wa kwanza, 2016, aliendesha MG6, nayo ya kuvutwa mbele. Hata hivyo ubingwa wa 2022 ulikwenda kwa Tom Ingram na Hyundai yake, na Sutton akaupata 2023. Jambo ambalo vichwa vya habari vililipitia juujuu ni kwamba mhandisi wake, Antonio Carrozza, alihama naye. Dereva akihama na mhandisi wake anahama na lugha yake: akisema "pua haishiki katikati ya kona", hakuna wa kumuuliza ana maana gani. Kwangu hilo lina uzito kuliko chapa iliyopo kwenye boneti.

Tofauti ya mbele na nyuma ni hii. Gari la kuvutwa mbele linayatwisha matairi ya mbele kazi zote: kukata kona, sehemu kubwa ya kufunga breki, na kupokea nguvu ya injini. Dereva aliyezoea BMW akikanyaga mafuta mapema kama alivyozoea, pua inapanuka nje ya kona na tairi linaungua. Baada ya mizunguko minane hana kitu mbele. Wahandisi hukaza springi na stabilaiza ya nyuma, fimbo inayozuia gari kulalia upande, ili mkia uzunguke wenyewe, na dereva hujifunza kufunga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kidogo kwenye mafuta kuutuliza mkia huo. Upande wa pili, anayehamia BMW hufurahia pale taa za kuanzia mbio zinapozimika, kwa kuwa uzito unarudi nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma. Deni lake huja mwishoni mwa mbio, matairi ya nyuma yanapochoka.

Nilivuka kaskazini hadi Suffolk, nchi tambarare ya mashamba, kwao Excelr8, timu ya zile Hyundai. Ingram alihamia huko 2021 akitoka Toyota za Speedworks, na taji likaja msimu wake wa pili. Toyota Corolla na Hyundai zote huvutwa mbele, na kanuni za NGTC, za kiufundi za BTCC, zinazitaka timu kutumia vipuri vingi vya aina moja, giaboksi ya Xtrac ikiwemo. Uhamisho wa namna hiyo ni mwepesi zaidi, ingawa si wa bure.

Gharama yake unaiona karakanani. Katika moja ya Midlands, eneo la katikati ya England, ambayo siitaji, walikuwa wakimtengenezea dereva mpya kiti. Pedali hupangwa kwanza: breki ikikanyagwa hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo, maana breki hizi hazina hydrovaki ya kusaidia na mguu ulionyooka hauna nguvu. Halafu usukani: mabega yakiwa yameegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya duara lake. Ndipo mfuko imara wa plastiki unawekwa ndani ya ganda la kiti, dereva anakaa akiwa na ovaroli kamili, helmeti na kifaa cha kulinda shingo, na povu la kemikali mbili linamiminwa.

Linamiminwa kwa awamu, nyonga kwanza, mgongo na mabega baadaye. Ukimwaga lote kwa pamoja, povu linavimba na kumnyanyua. Sentimita mbili tu zinatosha kuisogeza helmeti hadi kwenye mabomba ya kizimba cha usalama. Asiyevaa ovaroli wakati wa kumimina atakuta kiti kinambana msimu mzima. Mikanda hukaguliwa tarehe, kwani ya viwango vya FIA ina maisha ya miaka mitano, na mkanda wa katikati ya miguu huwekwa upya kufuata nyonga za huyu mpya.

Kisha gari linapanda mizani minne kwenye sakafu iliyosawazishwa. Hewa ya matairi inawekwa sawa, viungo vya stabilaiza vinafunguliwa, na dereva anakaa ndani, au magunia ya mchanga ya uzito wake. Dereva akiwa mzito kwa kilo 10 kuliko aliyeondoka, pembe zote nne zinabadilika. Fundi anazungusha kikombe cha springi moja na kusoma mizani, akijua kwamba kuinua pembe moja kunaongeza uzito pia kwenye pembe iliyo mkabala kwa mshazari. Lengo ni jumla za mishazari miwili zikaribiane na asilimia 50 kila mmoja. Kosa la kawaida ni kusahau kufungua stabilaiza. Namba zinapendeza karakanani, na njiani gari linakata kushoto vizuri na kulia vibaya.

Donington Park, uwanja wa mbio nilikomalizia ziara kwa kutazama majaribio, ipo nje ya Castle Donington, jirani na uwanja wa ndege wa East Midlands, na ndege za mizigo hupita juu ya vichwa. Njia inazungukwa kufuata mwendo wa saa, kona nyingi ni za kulia, hivyo matairi ya kushoto hupata joto na ya kulia hubaki baridi. Baada ya kona ya Redgate unateremka mteremko wa Craner, na ule mkunjo wake wa kushoto ndipo mgeni wa gari la kuvutwa mbele anapozungushwa mzunguko wa kwanza: matairi ya nyuma bado hayajaamka, mwenyewe ameachia mafuta ghafla, mkia umekwenda.

Jedwali la muda bora wa majaribio hupotosha. Matairi mapya na tangi lenye lita chache huweza kumpandisha yeyote juu. Nilisimama nikiandika nyakati za mizunguko 10 mfululizo ya kila aliyehama. Aliyeshaelewa gari lake hupungua kasi polepole na kwa kiasi kilekile kila mzunguko. Asiyelielewa huenda haraka mara mbili tatu, kisha nyakati zake zinayumba, na mafundi wanamwita ndani kubadili springi ambazo hazina kosa.