Hina kwenye karatasi ya saruji

Leo tumetandaza makaratasi yetu ya kale uani mwa Ngome ya Lamu: kadi za harusi, vipeperushi vya Maulidi, vitabu vilivyoshonwa kwa mkono.

(Upepo wa kusi umetutesa! Kila jiwe tuliloliona limegeuka kishikizo.)

Kilichonimaliza ni kijitabu cha michoro ya hina kwenye karatasi za mifuko ya saruji.

Bibi mmoja akalaza kiganja juu ya ukurasa. Nikafungua mdomo nimwambie haruhusiwi kugusa.

"Mwanangu, huu ni mkono wa dada yangu."

Ua lile lile la ukurasani ndilo alilochorwa bibi huyo siku ya harusi yake. Ngozini halikumaliza mwezi.

Nikanyamaza na glavu zangu.

Kwenu kuna karatasi gani mmeshindwa kuitupa? Nionyesheni.