Machi 1542 mbele ya kamera

Mtu akitengeneza filamu ya maisha ya Francis Xavier, kasisi mmisionari Mkatoliki aliyepita pwani yetu akienda India, Malindi atapata dakika chache tu za kuonyesha, na zote zimo ndani ya barua moja aliyoiandika Goa, India, tarehe 20 Septemba 1542, miezi kama sita baada ya meli kutia nanga hapa. Mambo yenyewe ni machache. Msafiri mmoja alikufa melini akazikwa, na Waislamu wakayasifu mazishi yale. Karibu na mji ulisimama msalaba mkubwa wa jiwe uliopakwa dhahabu. Kisha mkubwa mmoja wa mji akamuuliza kasisi kama makanisa ya kwao hujaa watu, maana hapa, kati ya misikiti 17, ni 3 tu iliyokuwa ikiswaliwa, tena na wachache.

Swali hilo ndilo ninalolirudia kichwani usiku huu, kwa sababu ndilo huharibiwa kwanza. Mwandishi wa skripti akiona mjadala hutafuta mshindi. Lakini Xavier mwenyewe anaeleza kuwa alijibu kwamba Mungu hazipokei sala za wasioamini, na kwamba aliyeuliza hakuridhika. Basi. Hapana ubatizo, hapana aliyepiga magoti. Jibu ni kali, na mwongozaji atatamani kulilainisha ili mtakatifu apendeze. Asithubutu! Likilainishwa, mzee wa watu anabaki mkaidi asiye na sababu. Nayo hesabu ya misikiti imetufikia kwa kalamu ya upande mmoja, kwa hiyo isisomwe na msimulizi kana kwamba ni sensa. Itoke kinywani mwa mzee.

Tena itoke kupitia mkalimani, kwa kuwa Xavier hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Najua wahariri hawampendi mkalimani, hurefusha tukio karibu maradufu. Lakini wakimwondoa, watu wa pwani watacheka kumwona mgeni wa Navarra, huko Hispania, aliyeshuka jana akibishana kwa Kiswahili cha redioni.

Umri nao ni wa kuangaliwa. Alizaliwa 7 Aprili 1506, kwa hiyo hapa alikuwa na miaka 35. Ndevu nyeupe za nini? Shirika lake la kitawa, la Wajesuiti, lilikuwa limeidhinishwa mwaka 1540 tu na halikuwa na vazi lake maalumu. Joho jeusi la kipadri lililokauka chumvi linatosha. Kwa upande wa wenyeji, kosa ni kuwavika wote kanzu nyeupe na kofia za kutarizi. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika juu ya Malindi miaka kama 25 kabla, anataja watu walioacha kifua wazi na kujifunga nguo za pamba na hariri, wengine wakiwa na vilemba vya thamani. Mabuibui na kanga ni mambo ya karne nyingi baadaye.

Mahali pa kupigia picha, wengi hukimbilia Lamu. Siwalaumu, inavutia. Ila milango na vidaka vingi vya Lamu ni vya karne ya 18 na 19, na ngome yake ilikamilika 1821. Magofu ya mji wa kale wa Gede ni salama zaidi: kuta zake za matumbawe na chokaa ni za enzi hiyo. Makaburi ya nguzo kando ya msikiti wa Ijumaa wa Malindi pia yanafaa. Kabla ya kuwasha kamera, kagua mimea: mwarobaini, mkorosho, mpapai, hata shamba la mahindi, vyote vikae nje ya fremu. Chombo cha wenyeji kiwe mtepe, mbao zilizoshonwa kwa kamba na tanga la mkeka. Jahazi la misumari halifai, na halifai kabisa kuwa meli ya Wareno.

Upepo unasumbua zaidi. Meli iliondoka Msumbiji mwishoni mwa Februari na kufika Goa 6 Mei, kwa hiyo Malindi ilikuwa Machi, kaskazi ikielekea kuisha. Ukipiga picha Agosti, kusi litalaza makuti ya minazi upande usio wake na tanga litakusaliti. Ukija Machi nako kuna mtego: kaskazi ndiyo inayosukuma matope ya mto Sabaki hadi ghuba ya Malindi, na bahari inakuwa rangi ya chai. Matumbawe yaliyopimwa hapa yanaonyesha kuwa matope yaliongezeka sana katika karne ya 20, baada ya ardhi ya bara kulimwa. Picha za maji zipigwe upande wa Watamu.

Mazishi ningeyapa muda kuliko mjadala, kamera ikae pale waliposimama Waislamu wakitazama. Uwanja wa kanisa dogo la Wareno usichimbwe. Ni mahali pa kumbukumbu na pana makaburi ya kweli. Kaburi la filamu lichimbwe kwenye mchanga wa juu ya alama ya maji makuu. Mchanga mkavu hauna subira: kina kikikaribia mita moja kingo huporomoka, hasa waigizaji wanne wakisimama ukingoni na jeneza. Zuia pande kwa mbao na boriti za mikoko, mwagia maji kingo kabla ya kila mkupuo wa kupiga picha, na wabebaji wasimame kwenye mbao pana zilizofunikwa mchanga.