Dari ya Mwezi wa Pili

Jumamosi ya tarehe 24 Februari 2018 shangazi alimleta fundi nyumbani kwake Riruta, Nairobi, apige dari. Jua lilikuwa linachoma hadi mbwa wa ploti ile ya nyumba za kupanga wamejibanza chini ya tangi la maji, na jirani mmoja akauliza kama kuna ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Shangazi akamjibu kwamba anajitayarishia baridi ya Julai.

Pesa zilikuwa shilingi 12,000, zamu yake katika chama cha kuchangiana. Watu wengi wakipata kiasi hicho mwezi wa pili hawakumbuki kwamba kuna blanketi duniani. Yeye alikuwa na hesabu yake, na hadi leo sijaona kosa ndani yake: baridi ya Nairobi hushindwa kwa ukavu kabla ya kushindwa kwa moto, na ukavu tunaupata Januari na Februari. Machi masika huingia, yanaendelea hadi Mei, kisha mawingu yanatanda juu ya mji Juni mpaka Agosti. Katika miezi hiyo rangi haikauki, mbao zinapinda, na blanketi lililofuliwa linavunda kwenye kamba. Kipimajoto chenyewe hakitishi. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 11 hivi, mchana likafika 21 au 22. Shida ni nyumba. Tumejengewa mawe matupu, mabati juu, madirisha ya chuma na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, huku Riruta ikiwa kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nyumba za namna hiyo zinajua kutoa joto, kulitunza hazijui.

Vyumba vilikuwa viwili, kila kimoja futi 10 kwa 10, na pesa zilitosha dari ya chumba cha kulala tu. Mwenye ploti alikubali mradi asidaiwe hata senti. Shangazi akataka jambo hilo liandikwe: siku atakayohama, plaiwudi ni yake, ataing'oa na kuondoka nayo. Mpangaji asiyeandikisha hilo humjengea mwenye ploti bure.

Kabla ya dari, paa. Plaiwudi ya milimita 3 ikinyeshewa mara mbili hivi, matabaka yake yanaachana na inavimba, kwa hivyo hakuna maana ya kuificha chini ya mabati yanayovuja. Fundi alipanda akakagua msumari kwa msumari. Mabati hupanuka mchana na kujikunja usiku, na baada ya miaka kadhaa mwendo huo huwa umeuvuta msumari juu kidogo, na raba iliyo chini ya kichwa chake imepasuka kwa jua. Maji hupitia hapo. Wengi hupanda na nyundo wakaupigilia msumari uleule. Ubao ulio chini tayari una tundu lililolegea, na msumari utatoka tena kabla ya mwaka kwisha. Yeye aliung'oa kila uliolegea, akaweka wenye urefu zaidi na raba mpya. Mahali ambapo tundu lilikuwa limepanuka, alipaka lami ya paa, akalaza kiraka cha kitambaa cha pamba, akapaka tena juu. Lami hiyo hushika kwenye bati kavu lisilo na vumbi, basi alitangulia na brashi ya waya.

Kule hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, walitaka kutuuzia plaiwudi nne. Fundi akachora sakafuni kwa chaki. Plaiwudi moja ni futi 8 kwa 4. Mbili zikilazwa sambamba zinafunika 8 kwa 8. Ya tatu inapasuliwa kwa urefu, inatoa vipande viwili vya 2 kwa 8, kimoja cha upande huu na kingine cha upande ule. Inabaki kona moja ya futi 2 kwa 2, na kipande cha kiasi hicho hakikosekani nyuma ya hadiwea yoyote jijini. Tulikipata kwa shilingi 50.

Fremu ilikuwa ya mbao za inchi 2 kwa 2, zikiachana futi 2 kila upande, ili kila ukingo wa plaiwudi uangukie juu ya ubao. Ukibana matumizi ukaziachanisha futi 3, milimita 3 haziwezi kujibeba, na dari itaota kitambi. Usawa waliupima kwa paipu nyembamba ya plastiki iliyojaa maji, mmoja ameishika kona hii na mwenzake kona ile, maana mistari ya mawe ya ploti si ya kuaminiwa. Misumari ilikuwa ya inchi 1, kila baada ya inchi 6. Wakati wa kumalizia, kijana wa mkono alitaka kuziba kwa magazeti mwanya ulio kati ya ukuta na mabati, juu ya dari. Fundi akamkataza. Hewa ya mle juu lazima ipite, la sivyo mvuke unaopenya kutoka chini utakaa huko na kuzioza mbao.

Redio ilikuwa inanguruma dirishani, na habari zikatoka kwamba serikali imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Fundi alisimama ngazini nyundo mkononi akasikiliza mpaka mwisho. Mbao zetu zilikuwa zimeshanunuliwa. Mwezi Mei marufuku hiyo iliongezwa miezi sita zaidi, na kila aliyejenga au kupikia makaa mwaka ule anakumbuka bei zilivyoruka.

Madirisha yalikuwa kazi ya siku iliyofuata, na hapa ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Puti, ule udongo wa mafuta unaoshika kioo kwenye fremu ya chuma, ilikuwa imekauka na kumeguka, na upepo unaopita kwenye ufa huo usiku unaweza kuuzima mshumaa. Unaitoa kwa patasi polepole, kutoka kona kwenda katikati. Unakwangua kutu hadi chuma kionekane, unapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, unaiacha ikauke kabisa. Kisha unaikanda puti mpya kiganjani mpaka iwe laini, unaibana kwa kisu, unaikata kwa mteremko ili maji yatiririke nje. Ikiwekwa kwenye chuma chenye unyevu au kutu itadondoka kipande kizima. Ikipakwa rangi mapema itakunjamana. Iachiwe wiki moja au mbili. Nani atapata wiki mbili kavu mwezi wa Juni?

Matundu ya hewa ya juu hayakuguswa. Zamani watu wa ploti ile walikuwa wakiyaziba kwa majuala, ile mifuko ya plastiki, kila Julai. Majuala yalipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wakahamia matambara. Shangazi alikataa vyote viwili. Upepo unaoumiza ni wa chini, unaopita chini ya mlango na kukupata miguuni. Kwa huo alikata miguu ya suruali kuukuu ya jinzi, akaishona pamoja mpaka ikafika sentimita 90, upana wa mlango, akaijaza matambara yaliyochanganywa na mchanga mkavu. Mchanga ni wa uzito. Ukijaza matambara matupu, upepo utakisukuma kifuko chako hadi katikati ya chumba.

Sababu kubwa ya kuyaacha matundu wazi ilikuwa jiko. Makaa yakishika na moshi kuisha, jiko linaonekana limetulia, na ndipo watu huliingiza chumbani ili walale na joto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi mzito unakuja, na aliyelala haamki kufungua dirisha. Kuna familia zilizozikwa kwa sababu hiyo. Sheria ya shangazi ilikuwa fupi: jiko hulala nje. Hata la kauri, lile linalookoa makaa, kwa sababu kuokoa makaa hakuiondoi ile hewa.

Makaa yalipopanda bei, kilichomwokoa ni kikapu cha kupikia bila moto, ambacho tulikuwa tumekitengeneza wikendi ileile kwa mabaki. Kikapu kikubwa cha kufuma, ndani mabaki ya sponji ya godoro unene wa inchi 3 pande zote na chini, yakafunikwa kwa kitambaa kilichoshonwa vizuri, na mto mnene wa kuziba juu. Maharagwe yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, yanachemshwa kwa moto mkali dakika 30, kisha sufuria inaingia kikapuni ikiwa bado inatokota na kukaa saa tatu au nne. Dakika hizo za kutokota si za kupunguzwa: maharagwe mekundu yana sumu ambayo joto la kikapu pekee haliiui. Sufuria iwe imejaa, maana iliyofika nusu hupoa haraka. Mfuniko uwe umebana, na mikono ya watoto ikae mbali, kwani kila kukifunua ni kuanza upya. Wali ni rahisi zaidi, unatokota dakika 5 na kukaa kikapuni kama dakika 40. Githeri, yaani mahindi makavu na maharagwe, ndiyo kaidi. Inataka karibu saa nzima motoni kwanza, na mara nyingi irudishwe motoni baadaye. Sioni faida kubwa hapo, ingawa shangazi aliitetea.

Blanketi tulizifuata soko la Gikomba kabla Februari haijaisha, zikiwa zimelundikwa pembeni kwa sababu wateja walikuwa wanatafuta nguo za jua. Muuzaji wa mitumba asiye na foleni husikiliza. Unainua blanketi juu ya mwanga uone palipolika, unavuta pindo, unanusa katikati. Harufu ya kabati hutoka. Ya ukungu haitoki kirahisi. Za sufu nzito shangazi alizifua kwa maji baridi, maana ya moto huzifanya zijikunyate na kuwa ngumu, akazianika jua la siku mbili. Moja aliitandika chini ya shuka. Godoro lililochakaa limeshabanwa na mwili, na baridi ya sakafu hupenya kutoka chini hata ukijifunika mara tatu. Godoro lenyewe lilipandishwa juu ya paleti za mbao, hewa ipite, kwa sababu lililolazwa saruji huota ukungu upande usiouona.

Ukungu wa ukutani ulishughulikiwa siku hizohizo: maji na sabuni kwanza, kisha kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia katika lita 4 za maji, madirisha wazi, bila kuichanganya na siki wala asidi ya choo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Ukuta ukaachwa ukauke kabisa, na kabati likasogezwa mbali nao upana wa kiganja.

Mvua zilifungua mwezi wa Machi, na mwaka ule zilikuwa za mafuriko. Chumba cha kulala hakikudondokwa na tone. Julai ilipofika, chumba hicho kilikuwa na utulivu wa joto ambao cha pili, kisicho na dari, hakikuwa nao. Ukivuka mlango unausikia mashavuni.

Katika hicho cha pili ndipo asubuhi moja matone yalianza kuanguka mezani, na shangazi akampigia fundi simu kwamba paa linavuja. Fundi alikuja, akapanda, akamwaga ndoo ya maji kwenye mstari wote wa misumari. Hakikudondoka kitu. Akashuka, akapitisha kidole chini ya bati kwa ndani: limelowa kote, toka ukuta hadi ukuta. "Mama, hii si mvua," akasema. "Ni githeri ya jana." Paa linalovuja hudondoka mahali pamoja, na wakati wa mvua. Mvuke wa kupika na pumzi za waliolala hugandia bati lililopoa usiku, ukadondoka alfajiri hata mbingu zikiwa kavu. Alimwambia afunike sufuria, afungue dirisha la juu nusu saa baada ya kupika, na asianike nguo mle ndani. Hakutaka malipo ila nauli.