Meza ya Matengenezo

Siku ile ya katuni na mavazi ya wahusika pale Kigoma mjini, vijana waliposhindana kujivika kama wahusika, sikwenda kuvaa wala kuamua mshindi. Nilipewa meza karibu na mlango wa ukumbi, na pembeni yangu akakaa fundi viatu mmoja wa Mwanga, mzee ambaye vidole vyake vimeganda gundi ya miaka. Kila kitakachofunguka, kukatika au kuloa kilikuwa chetu mpaka mwenyewe apande jukwaani. Ulikuwa mwezi wa Novemba na mvua zilishaanza, kwa hiyo vya kuloa havikukosekana.

Mezani palikuwa na gundi ya viatu, gundi nyeupe ya mbao, sindano za kushonea viatu na uzi wa nailoni, pini kubwa za nguo, selotepu pana, msasa, mkasi, wembe, njiti za mishikaki na ndala kuukuu za kukatakata. Bunduki ya gundi ya moto ilikuwepo pia, ila nje barazani niliweka jiko dogo la mkaa. Waandaaji walilicheka. Umeme ulipokatika kabla ya adhuhuri, wao ndio walikuja kuliulizia.

Wa kwanza alikuwa kijana aliyevaa deraya ya mikeka ya mazoezi, ile sponji ngumu ya unene wa milimita nane hivi. Bega moja lilikuwa linaning'inia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ulipaka gundi pande zote mbili?”

“Upande mmoja tu, nikabandika hapohapo.”

“Basi hukubandika.”

Gundi ya viatu haishiki ikiwa mbichi. Inapakwa nyuso zote mbili, tabaka jembamba, kisha unasubiri. Siku kavu dakika kumi zinatosha. Siku yenye unyevu kama ile subiri hata robo saa, mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole haivutiki. Hapo unakutanisha nyuso mara moja tu, maana zikishagusana hazisogezwi, halafu unagonga kwa nyundo. Ukiunganisha ingali mbichi, kimiminika chake kinafungiwa ndani na kiungo kinabaki laini siku nzima. Mzee alikwangua gundi yote ya zamani, akapiga msasa, akaanza upya.

Rangi ya deraya ileile nayo ilishapasuka viwikoni. Ilikuwa rangi ya mafuta, ya milango. Sponji inakunjika, rangi hiyo ikishakauka haikunjiki. Utaratibu ni kupitisha joto kwanza juu ya sponji mpaka uso wake ung'ae kidogo, kwa sababu joto linaziba vitundu vyake, kisha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke, ndipo ije rangi ya maji. Hilo halikuwa la kufanyika siku ile. Tulizifunika nyufa kwa vipande vya kitenge, na kusema kweli vilimpendeza kuliko ile rangi.

Vijana wawili walitoka Ujiji wakiwa Stanley na Livingstone, wale wasafiri wa Kizungu waliokutana hukohuko Ujiji, kama mtu angetegemea. Wa Stanley alikuwa na helmeti ya gazeti na uji wa ngano, iliyofinyangwa juu ya puto. Iliporomoka upande wa kushoto. Nilipoingiza kidole ndani nikakuta unyevu: walibandika tabaka zote kwa usiku mmoja, wakapasua puto asubuhi. Kazi ya gazeti ni tabaka mbili, kausha, mbili tena, kausha, mpaka zifike sita. Na kwa hali ya hewa ya ziwani weka kijiko cha chumvi kwenye uji ili isiote ukungu. Uji wenyewe ni kikombe kimoja cha unga kwa vinne vya maji, upikwe mpaka uwe mzito wa kumiminika. Ndani ipakwe vanishi, kwani jasho la kichwa linalainisha gazeti sawasawa na mvua. Tuliikausha mbali na makaa, tukaishonea utepe wa kitambaa ndani ukingoni ili ishike umbo.

Wa Livingstone ndiye aliyenifurahisha. Hakuvaa helmeti. Alisoma maelezo ya Stanley kuhusu ile siku ya mwaka 1871, akajua kwamba Livingstone alikuwa na kofia ya bluu yenye utepe wa dhahabu uliochakaa, kizibao cha mikono myekundu na suruali ya kijivu. Shida yake ilikuwa kile kipande cha mbele cha kofia kinachokinga jua. Alikikata kwenye dumu la manjano la mafuta ya mawese, wazo zuri, kwa kuwa ubavu wa dumu una mpindo wake tayari. Lakini alikibandika kwa gundi, na plastiki ya madumu haishikani na gundi yoyote tuliyokuwa nayo. Inabanduka kama ganda. Dawa yake ni kutoboa. Tulipasha sindano kwenye makaa, tukatoboa matundu kila baada ya nusu sentimita, tukashona kwa uzi wa nailoni.

Saa saba hivi ikaingia Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wanafunzi watatu wa Kibirizi walikuwa wamejenga meli ya maboksi ya kuvaliwa na mtu mmoja, na walipiga hesabu. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 na kitu, na upana wa mita kama 10. Ukiigawanya kwa 50 unapata sentimita 143 kwa 20. Urefu huo mtu anabeba vizuri, ila upana wa sentimita 20 hauingizi kiuno cha mtu yeyote aliyekwisha kula ugali. Walitanua katikati mpaka 50, wakaacha mbele na nyuma pembamba kama hesabu ilivyotaka. Uamuzi sahihi kabisa. Mlango wa kawaida una sentimita 80 au 90, na mvaaji ana viwiko.

Meli ilifika vipandevipande juu ya bajaji, na mtangazaji wao, msichana mwenye sauti kali, aliligeuza jambo hilo kuwa sehemu ya onyesho. Alieleza kuwa meli halisi ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Kwamba iliibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Watu walipiga makofi. Mimi niliwaambia pembeni kwamba mzinga wa mbele ni wa enzi za Götzen, jina la meli hiyohiyo ilipokuwa ya Wajerumani, na jina la ubavuni ni la baada ya 1927, wachague moja. Walichagua kuubakiza mzinga.

Matatizo yao yalikuwa mawili. Mikanda ya begi waliyoning'inizia meli mabegani ilikuwa inachana boksi, maana uzito wote uliegemea matundu manne. Mzee alikata ndala vipande vya ukubwa wa kiganja, kimoja ndani na kimoja nje kwa kila tundu, akashona vyote pamoja. Sasa uzito ulitawanyika, na boksi halikuchanika tena. Bomba la moshi tulilitoa kabisa. Lilikuwa kopo tupu la rangi, bati, nalo lilivuta meli nzima upande mmoja kila mvaaji alipogeuka. Mahali pake tulikunja karatasi ya kalenda.

Tatizo la pili ni mvua. Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, ilikuwa imenywa maji na kulegea kama mkate ndani ya chai. Wengi hupaka rangi uso wa boksi na kusahau kingo, ilhali boksi lina vifereji katikati ya karatasi zake na maji hupandia humo. Kingo zote zifungwe kwa selotepu kabla ya rangi, hasa za chini. Tulikata sehemu iliyolowa, upana wa vidole vinne, tukakausha iliyobaki, tukachomeka njiti za mishikaki ndani ya vifereji, moja kila baada ya vifereji vitatu. Boksi likasimama kuliko lilivyokuwa dukani.

Wigi sikuzigusa sana. Wasusi wa Kigoma wanajua wenyewe: nywele za rasta zinachovywa kwenye maji ya moto ili zishike umbo, na pasi ya nywele inaziyeyusha. Binti mmoja wa wigi ya bluu alikuja na ncha zilizoungua. Tulizikata tu.

Upande wa katuni zenyewe, vijana waliuza vijitabu vya fotokopi. Kurasa nane ni karatasi mbili za A4 zilizokunjwa: ya nje ina ukurasa wa 8 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 7 nyuma yake, ya ndani ina wa 6 na wa 3, kisha wa 4 na wa 5. Mmoja alipeleka karatasi zake duka la fotokopi bila kueleza zigeuzwe vipi, na nusu ya kurasa zikatoka kichwa chini. Aliziuza hivyohivyo, bei nusu. Mwingine alichora kwa penseli, na mashine ya fotokopi ikala vivuli vyote vya kijivu. Fotokopi inataka wino mweusi, na vivuli vichorwe kwa mistari. Mzee mmoja aliyepita mezani kwao aliuliza mbona hakuna Chakubanga, yule mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Hakuna aliyemjua. Walimpa kiti awasimulie.

Mlangoni ukaguzi wa silaha ulikwenda vizuri: panga la bati lilizuiwa, la mbao lilifungwa utepe, la sponji lilipita. Waliokosa mpango ni wa vinyago vilivyofunika uso mzima. Mvaaji wa kinyago cha hivyo anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumpa maji na kumvua kila dakika ishirini. Mmoja alianza kuyumba karibu na jukwaa, tukamtoa barazani, akapata nafuu.

Liemba ilichukua nafasi ya pili. Majaji waligeuza mavazi nje ndani, wakaona njiti na ndala, wakauliza nani alifanya kazi ile. Wanafunzi wakatuonyesha, na alama zikapunguzwa kwa sababu ya msaada. Mzee alikasirika kuliko wao. Alidai gundi ya viatu ilinunuliwa kwa hela ya waandaaji haohao, sasa kosa liko wapi? Hakujibiwa. Alikusanya sindano zake, akawafungulia watoto meli yao vipande vitatu, akawafundisha kuilaza juu ya mbao badala ya kuisimamisha, kisha akaniambia mwakani kila kiungo atatoza shilingi elfu moja, jaji au si jaji.